Vifurushi vya misuli: kutoka vinatoka, lakini vinafika wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Baba yangu ana miaka 61, anaugua kisukari cha aina ya pili, na kliniki wamemwambia afanye mazoezi. Mwalimu wa gym anakoenda mdogo wangu anasema mtu akifanya mazoezi misuli yake humwaga kwenye damu "vifurushi" vinavyokwenda kuliamuru ini na mafuta ya mwili yabadilike. Anasema siku hizi vifurushi hivyo vinauzwa kama sindano za "eksosomu", kwa hiyo asiyeweza kukimbia anachomwa tu. Nimeona pia tangazo lake kwenye simu. Je, ni kweli misuli inazungumza na viungo vingine namna hiyo? Na sindano tumnunulie baba?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye pesa ndani yake. Sindano msinunue. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la hadhara baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kwa jina la eksosomu, na ikasema bayana kwamba hakuna bidhaa ya aina hiyo iliyokuwa imeipitisha. Jambo lingine ambalo matangazo hayalisemi: bidhaa hizi kwa kawaida hutengenezwa kutokana na kondo la nyuma, maji ya uzazi au seli zilizooteshwa maabara. Hazikutoka kwenye paja la mtu aliyekimbia. Kwa hiyo hata kama kila alichosema mwalimu kuhusu misuli kingekuwa sahihi mia kwa mia, kilichomo kwenye chupa ile ni kitu kingine.

Sasa tuje kwa mwalimu mwenyewe. Hajadanganya. Amechukua habari ya kweli akaiendesha kwa kasi ambayo barabara bado haijaruhusu.

Hadithi ya vifurushi hivi ilianzia kwenye damu ya kondoo, mbali kabisa na mazoezi. Chembe nyekundu ya damu ikiwa changa huwa na vipokezi vingi vya kushika transferini, protini inayobeba madini ya chuma. Ikikomaa haivihitaji tena, nayo huviondoa. Vinakwenda wapi? Mwaka 1983 Rose Johnstone na wenzake mjini Montreal, Kanada, waliona kwamba vipokezi hivyo hufungwa ndani ya vifuko vidogo mno na kutupwa nje ya seli. Mwaka huohuo kundi la Philip Stahl mjini St. Louis, Marekani, likaona jambo lilelile kwenye chembe changa za panya. Baadaye, mwaka 1987, Johnstone akavipa vifuko hivyo jina la eksosomu.

Kwa miaka mingi wengi waliviona kama taka za seli, na ukitazama kazi ile ya kwanza huwezi kuwalaumu. Kilichogeuza mawazo ni utafiti wa Gothenburg, Sweden, uliochapishwa mwaka 2007 na kundi la Jan Lötvall. Walikuta ndani ya vifuko vya seli za kinga mna RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni. Wakachukua vifuko vya seli za panya wakavitia kwenye seli za binadamu, na seli zile za binadamu zikatengeneza protini za panya. Hapo ndipo watu walipoinua vichwa. Taka haiwezi kumpa jirani maagizo akayatekeleza.

Msuli hutengenezaje vifuko hivi? Ndani ya seli kuna vyumba vidogo vyenye utando. Utando wa chumba hubonyea kuelekea ndani, ukajikata vifuko vingi vidogo. Chumba kikishajaa husogea ukingoni mwa seli, kikaungana na utando wa nje, na vifuko vyote vikamwagika. Hivyo ndivyo eksosomu, zenye upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi. Ukivipanga vya nanomita 100 mstari mmoja, unahitaji kama 70 kuvuka upana wa chembe moja nyekundu ya damu. Kuna vingine vikubwa kidogo ambavyo huchipuka moja kwa moja kwenye utando wa nje, mithili ya tone linalodondoka bombani. Vikishakuwa kwenye damu ni vigumu kujua kipi kilitoka kwa njia ipi, ndiyo maana wanasayansi waangalifu siku hizi husema tu "vifuko vya nje ya seli". Mimi nitasema vifuko.

Kinachovutia kwa upande wa msuli ni kalsiamu. Kila nyuzi za msuli zinapojikunja, kalsiamu humwagika ndani ya seli. Ndiyo swichi ya kujikunja. Na kupanda kwa kalsiamu ndani ya seli ni miongoni mwa mambo yanayoharakisha umwagaji wa vifuko. Kwa hiyo si ajabu msuli unaofanya kazi ukawa na mizigo mingi ya kutuma kuliko ule uliokaa kwenye kochi.

Ndani ya vifuko mna protini, mafuta, na vipande vifupi vya RNA vinavyoitwa mikroRNA, vyenye herufi kama 22 tu. Kazi ya mikroRNA ni kuzima au kupunguza sauti ya jeni fulani. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipata tuzo ya Nobel mwaka 2024 kwa kuzigundua, kazi waliyoichapisha mwaka 1993 wakitumia mnyoo mdogo wa udongoni. Misuli ina mikroRNA zake zinazotambulika kama mhuri wa ofisi: miR-1, miR-133, miR-206. RNA ikiachwa uchi kwenye damu hukatwakatwa na vimeng'enya haraka. Ikiwa ndani ya kifuko imejikinga. Hapo ndipo faida ya kufungasha.

Nikukumbushe pia kwamba vifuko si njia pekee wala ya kwanza kujulikana. Kabla ya hapo watafiti wa Copenhagen, Bente Klarlund Pedersen akiwa mstari wa mbele, walikwishaonyesha kwamba msuli unaojikunja humwaga moja kwa moja kwenye damu protini iitwayo IL-6, na katika mazoezi marefu na makali kiwango chake kinaweza kupanda hadi mara mia. Protini za namna hiyo zikapewa jina la mayokini mwaka 2003. Tangu hapo ukisema misuli ni tezi kama tezi nyingine hakuna atakayekucheka.

Sasa, dai la kwamba msuli unaongea na ini kwa vifuko limesimama juu ya nini? Wewe ni mtu wa Tanga, bila shaka umewahi kutuma mzigo kwa basi kwenda Dar. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba mambo yameenda sawa unauliza mambo matatu. Mzigo kweli umetoka kwako, au ni wa mwenzako uliochanganywa na wako? Umepokewa na uliyemtumia, au umeishia stendi ya Mbezi? Na aliyeupokea ameufungua akatumia kilichomo? Kila utafiti wa vifuko vya misuli ninaousoma naupitisha kwenye maswali hayo matatu, na ni chache sana zinazoyavuka yote.

Kazi iliyowasha moto ilitoka Sydney, Australia, mwaka 2018, katika kundi la Mark Febbraio na Martin Whitham. Waliwapandisha watu wenye afya kwenye baiskeli ya mazoezi kwa saa moja, wakapima protini zilizomo kwenye vifuko vya damu yao. Zaidi ya protini 300 zilikuwa zimeongezeka. Kisha wakafanya jambo la kisayansi hasa: wakachota damu inayoingia mguuni na damu inayotoka mguuni wakati mguu unafanya kazi. Kitu kikiwa kingi zaidi kwenye damu inayotoka, kimeongezwa njiani, ndani ya mguu. Kwa njia hiyo wakapata orodha ya protini ambazo mguu wenyewe huzitoa. Halafu kwa panya wakafuatilia vifuko vilivyotiwa rangi, wakaona vile vilivyotokana na mazoezi hupenda kwenda kwenye ini na kushusha mzigo huko.

Ukisoma habari hii gazetini, inatosha. Ukiisoma mezani, inakwama mahali pawili. Kwanza, mguu si msuli mtupu. Una mishipa ya damu, na ndani ya mishipa mna chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) na chembe za kinga. Kundi la Mainz, Ujerumani, lilionyesha mwaka 2019 kwamba vifuko vinavyoongezeka kwenye damu wakati wa mazoezi hutoka kwa sehemu nzuri kwenye chembe sahani, chembe nyeupe na seli za kuta za mishipa. Watafiti wa Urbino, Italia, walikwishatumia protini ya utando wa seli za misuli kama alama ya kuvitambua vya msuli, wakapata kwamba ni asilimia 1 hadi 5 hivi ya vifuko vyote vilivyomo kwenye damu. Si sifuri. Lakini anayekuambia damu ya mkimbiaji imejaa vifuko vya misuli hajahesabu.

Pili, suala la ini. Ini ndilo jalala na ndiyo forodha ya mwili. Seli zake za kufagia hukamata karibu kila chembechembe inayoelea. Ukimdunga panya vifuko vya aina yoyote vingi hutoweka kwenye damu ndani ya dakika chache, na ukivitafuta utavikuta kwenye ini na wengu. Kwa hiyo kuona vifuko kwenye ini hakutuambii kama ini liliandikiwa au limefagia tu uchafu wa njiani. Mzigo kukutwa Mbezi si ushahidi kwamba mwenyewe anakaa Mbezi.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Kentucky, Marekani, wa mwaka 2021, kwa sababu ulijaribu kujibu maswali yote matatu. Ivan Vechetti, John McCarthy na wenzao waliwabebesha panya mzigo: waliondoa baadhi ya misuli ya mguu ili msuli uliobaki ulazimike kufanya kazi ya wote na kunenepa. Msuli huo ukapungukiwa na miR-1, na miR-1 ikaonekana kwenye vifuko vya damu. Vifuko vikaingia kwenye mafuta ya tumboni kuliko kwingine, na humo miR-1 ikazima jeni moja ambayo kazi yake ya kila siku ni kukandamiza kipokezi cha adrenalini. Mkandamizaji akizimwa, kipokezi kinaongezeka, na mafuta yanayeyushwa kwa wepesi zaidi. Walipotumia dawa ya kuzuia seli kumwaga vifuko, miR-1 haikuongezeka kwenye mafuta. Na kwa binadamu waliofanya mazoezi ya uzito walikuta nusu ya kwanza ya hadithi: miR-1 imepungua kwenye msuli, imeongezeka kwenye vifuko vya damu.

Hiyo ni kazi safi. Hata hivyo dawa waliyotumia huzuia vifuko mwili mzima, haichagui msuli. Na kwa binadamu hakuna aliyeonyesha mafuta ya tumboni yakifungua kifurushi hicho. Kwa hiyo sentensi sahihi ni hii: kwa panya msuli uliobebeshwa mzigo huyaambia mafuta yayeyuke, kwa binadamu tumeuona mzigo ukipakiwa kwenye basi.

Kuna kazi nyingine za panya zinazoelekea hukohuko. Vifuko vya panya waliokimbizwa kwa mazoezi makali ya vipindi vifupi, vikidungwa kwa panya wavivu, viliboresha jinsi ini lao linavyoitikia insulini, na miR-133b ikatajwa kuwa mhusika. Nimezisoma kwa furaha na kwa tahadhari, maana kudunga vifuko vingi kwa mkupuo mmoja si sawa na vile mwili unavyovidondosha kidogo kidogo.

Ukinibana niseme mimi binafsi naamini wapi ndiko kwenye mazungumzo mazito, nitakuambia: uani, si safarini. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walipima vifuko vya misuli mahali vinapozaliwa, wakavikuta vimejaa kwenye majimaji yaliyo kati ya nyuzi za msuli, ilhali vinavyofanikiwa kupenya kuta za kapilari, mishipa ile midogo kabisa, na kuingia kwenye damu ni vichache mno. Hilo linaendana na kazi ya zamani kidogo, ya 2017, pia ya Kentucky. Seli shina za msuli, zile zinazoamka msuli unapojeruhiwa au kubebeshwa mzigo, hutuma miR-206 kwa seli jirani zinazotengeneza kolajeni, protini ngumu ya kushikilia nyama. Ujumbe wake ni mfupi: punguzeni. Kwa panya walionyimwa seli shina hizo, kolajeni ilirundikana kati ya nyuzi na msuli ukawa mgumu kama nyama ya jogoo mzee. Hapa maswali yote matatu yanajibika vizuri zaidi, kwa sababu mtumaji na mpokeaji wanapakana. Habari za majirani haziuziki kama za ini na ubongo, ndiyo maana mwalimu wa gym hakuzisikia.

Kuna jambo moja ambalo wauza sindano hawataki ulijue, na kwa baba yako lina maana kuliko yote: kifurushi hubeba hali ya msuli uliokifunga. Huko Lyon, Ufaransa, kundi la Sophie Rome liliwalisha panya chakula kilichoongezwa asilimia 20 ya mafuta ya mawese mpaka misuli yao ikaanza kuwa sugu kwa insulini. Vifuko vya misuli hiyo vilipowekwa kwenye seli za kongosho zinazotengeneza insulini, vilibadilisha mwenendo wa jeni zake na kuzichochea kuzaliana. (Watu wa Kigoma wasinipigie simu, asilimia 20 ya chakula chote si mchuzi wa migebuka.) Maana yake ni kwamba msuli hutuma barua ukiwa mzima na hutuma ukiwa mgonjwa. Haunyamazi. Anayeuza "vifuko" kana kwamba ni dawa ya aina moja, bila kukuambia vilitoka kwenye seli gani na katika hali gani, anakuuzia bahasha bila kujua kilichoandikwa ndani.

Tena hata kuvisafisha ni kazi ngumu. Damu imejaa chembe za kusafirisha mafuta ambazo ukubwa wake unakaribiana na wa vifuko na idadi yake inavizidi mbali. Mtu akila chipsi kabla ya kutolewa damu, mtafiti asiye makini anaweza kuhesabu chipsi akadhani amehesabu mazoezi. Ndiyo sababu jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa vifuko, ISEV, imelazimika kutoa miongozo ya jinsi ya kuthibitisha ulichonacho, mwaka 2014, ikairudia 2018, ikairudia tena 2023. Maabara zenye mashine za mamilioni bado zinahangaika na hilo. Duka la kwenye simu limeliwezea wapi?

Sasa baba. Habari njema ni kwamba faida anayoihitaji haisubiri ugomvi wa vifuko uishe. Mtu mzima akila, na insulini ikapanda, kiasi kikubwa cha glukosi huingia kwenye misuli. Vipimo vya kitaalamu vya insulini vimewahi kuonyesha hadi asilimia 80 hivi. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili mlango huo wa glukosi kuingia kwenye msuli umekuwa mzito kwa insulini. Lakini msuli unaojikunja huufungua kwa ufunguo mwingine kabisa: kule kujikunja kwenyewe kunasogeza mapipa ya kupitishia glukosi, yaitwayo GLUT4, hadi kwenye utando wa seli bila kusubiri insulini. Na baada ya mazoezi msuli hubaki ukiiitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja hadi mbili. Ndiyo maana asipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya kitu. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, pamoja na kazi ya kutumia nguvu za misuli angalau siku mbili. Hiyo ya nguvu wazee wengi huiruka wakidhani ni ya vijana wa kutunisha vifua. Kwake inatosha kuinuka kitini na kuketi mara kumi, apumzike, arudie, kusukuma ukuta, kubeba ndoo ndogo mbili zenye maji kutoka ukumbini hadi uani.

Kabla hajaanza, tazama dawa zake. Kama ni metformini peke yake, hatari ya sukari kushuka ghafla ni ndogo. Kama kuna glibenklamidi au insulini, mazungumzo na kliniki ni lazima, kwa sababu mazoezi na dawa hizo zikishirikiana sukari inaweza kuporomoka. Apime kabla ya kutoka na awe na pipi au glukosi mfukoni. Akisikia kifua kinabana, asimame na aende hospitali mara moja.

Na asitembee peku, hata kama ni ufukweni kwa Raskazone ambako kila mtu yuko peku. Kisukari hutia ganzi nyayo, mtu akakanyaga gamba la chaza asubuhi akaliona jioni. Viatu vinavyofunika vidole, soksi, na kila usiku wewe au mama mzikague nyayo zake kwa tochi, mpaka kati ya vidole.